Wanawake, Vita na Ukimbizi katika Filamu za Waarabu

(Ifuatayo ni hotuba iliyotolewa mbele ya mkutano wa akina mama na vijana baada ya sala ya Alasiri. Tunaichapa karibu kama ilivyosemwa. – Mhariri)



Baada ya kumshukuru Mwenyezi Mungu Mtukufu na kumtakia rehema na amani Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), nawashukuru viongozi wa akina mama na wa vijana walionipa mada hii, ingawa najua ya kuwa haikuwapendeza wote. Mzee wangu mmoja ninayemheshimu sana ameniuliza kabla ya sala: Je, msikiti umekosa la kuzungumza hata tuje kuzungumza sinema? Swali lake ni la haki nami sitalikwepa.

Kwanza, filamu hizi hazingoji ruhusa yetu. Zimo katika simu za watoto wetu, na binti anayekaa chumbani na simu yake huenda ameshaziona zaidi kuliko baba yake anavyodhani. Pili, kwa miaka mingi sura ya Mwarabu na ya Mwislamu katika sinema ilichorwa na watu wa Marekani na Ulaya, nao walituonyesha mwizi, gaidi au mcheza ngoma. Waliosimama nyuma ya kamera katika nyingi ya filamu nitakazozitaja leo ni wanawake wa Tunisia, Lebanon, Saudi Arabia, Jordan na Syria wenyewe, na majina wanayowapa watu wa hadithi zao ndiyo majina ya mama zetu na binti zetu. Na tatu, ambalo ndilo kubwa kwangu, filamu mojawapo ya Kiarabu iliwahi kugonga mlango wa mahakama ya ndoa na talaka, na mlango huo hatimaye ukafunguliwa. Basi naanza na hiyo.

Mwaka 1975 ilitoka Misri filamu iitwayo Uridu Hallan, yaani Nataka Ufumbuzi. Mwongozaji wake alikuwa Said Marzouk, hadithi ikaandikwa na mwandishi wa habari Husn Shah, na mwigizaji mkuu akawa Faten Hamama, mwanamke aliyependwa na Wamisri kuliko pengine mwigizaji yeyote wa zama zake. Ndani yake yumo Durriya, mke wa mwanadiplomasia. Ameishi naye miaka mingi, na sasa moyo wake umeshindwa kabisa. Anaomba talaka, mume anakataa. Anakwenda mahakamani, na huko miaka inapita katika kuahirishwa kwa kesi na ushahidi wa uongo, mpaka mwishowe anashindwa. Katika korido za mahakama hiyo anakutana na wanawake wengine, mmoja wao mzee aliyeachwa baada ya umri mzima wa ndoa, akitafuta masurufu ambayo hayaji.

Ndugu zangu, hakuna katika filamu hiyo mtu anayeutukana Uislamu. Kinacholalamikiwa ni mahakama zilizouficha Uislamu. Kwa maana sisi sote tumesoma habari ya mke wa Thabit bin Qais (r.a.), aliyemwendea Mtume (s.a.w.) akasema kwamba hana lawama juu ya dini ya mumewe wala tabia yake, ila hawezi kuendelea kuishi naye. Hakuambiwa alete mashahidi kumi wala hakuzungushwa miaka minne. Aliulizwa kama atarudisha shamba alilopewa mahari, akakubali, na Thabit akaamriwa alipokee shamba lake na kumwacha. Hiyo ndiyo khul'u, na watoto wetu wa madrasa wanaijua.

Nini kilitokea Misri? Mwaka 1979 Rais Sadat alitoa sheria namba 44 iliyowaongezea wanawake haki katika talaka na matunzo. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya Katiba iliitangua kwa sababu ilitolewa kwa amri ya Rais wakati Bunge liko likizo, na mwaka huo huo Bunge likapitisha nyingine mahali pake. Kisha ikaja sheria namba 1 ya mwaka 2000, ambayo humwezesha mwanamke kupata khul'u mahakamani kwa kurudisha mahari na kuacha madai yake ya mali, baada ya jaribio la suluhu. Sheikh wa Al-Azhar wa wakati ule, Muhammad Sayyid Tantawi, aliiunga mkono. Sisemi kwamba filamu ndiyo iliyotunga sheria. Sheria hutungwa na watu wengi na kwa sababu nyingi. Lakini Wamisri wenyewe wanapoieleza historia ya jambo hili huitaja Uridu Hallan, na ni miaka 25 kamili kutoka filamu hadi sheria. Jambo lililokuwamo katika Sunna tangu zama za Mtume (s.a.w.) lilihitaji robo karne ya kulia ili lirudi mahakamani!

Nimeanza hapa kwa makusudi. Neno matamanio ya mwanamke likitamkwa mbele yetu wanaume, fikra zetu hukimbilia upande mmoja tu, na tunainamisha vichwa kwa haya. Filamu za namna hiyo zipo, sikatai. Sukkar Banat ya Nadine Labaki, iliyotoka mwaka 2007, ni habari za wanawake wa saluni moja mjini Beirut, Wakristo na Waislamu pamoja. Mmoja amejifunga na mume wa mtu, na mwingine, bibi harusi Mwislamu, anakwenda kwa daktari ili aibu yake ya zamani isijulikane usiku wa arusi. Wapo wanaoisifu sana. Mimi naona yule anayefaa kukumbukwa mle ndani ni fundi wa kushona, Rose, aliyekwisha zeeka, ambaye anapata mchumba wa heshima naye anamkosa kwa sababu dada yake mgonjwa wa akili hana mwingine wa kumtunza. Kila familia hapa inamjua Rose wake. Lakini katika filamu nyingi za Waarabu mwanamke anachokitamani ni kitu ambacho sisi wanaume tunacho bila hata kukifikiri: talaka ya haki, shule, karatasi yenye jina lake, nyumba isiyobomolewa. Au baiskeli.

Ndiyo, baiskeli. Mwaka 2012 mwanamke wa Kisaudi, Haifaa al-Mansour, alitoa filamu iitwayo Wadjda, ya kwanza ndefu ya kuigiza kupigwa yote ndani ya Saudi Arabia, na ya kwanza kuongozwa na mwanamke wa nchi ile. Wakati huo majumba ya sinema yalikuwa yamefungwa huko kwa zaidi ya miaka 30. Kwa kuwa haikufaa aonekane barabarani akiwaamrisha wanaume, alikaa ndani ya gari, akitazama kwa skrini ndogo na kutoa maagizo kwa simu ya upepo. Wadjda ni msichana wa miaka 10 wa Riyadh. Ameiona baiskeli ya kijani dukani, bei yake riali 800, naye anataka kushindana na kijana wa jirani. Mama yake anakataa. Shuleni yanatangazwa mashindano ya kusoma Qur'ani, zawadi riali 1,000. Mtoto ambaye hakuwa hodari wa dini anaingia, anasoma usiku na mchana, anashinda. Mwalimu mkuu anamwuliza mbele ya wanafunzi wote, fedha hizi utazifanyia nini? Naye, kwa ukweli wa mtoto, anajibu: nitanunua baiskeli. Mwalimu anakasirika, na fedha zinapelekwa, kwa jina lake, kuwasaidia Wapalestina.

Nawaomba tusimame hapa kidogo, maana ndugu mmoja aliniambia kwamba filamu hii inaifanyia dhihaka Qur'ani Tukufu. Mimi nimeitazama kwa makini nami sikuona hivyo. Kisomo cha yule mtoto kimepewa heshima yote. Watu wananyamaza, na sauti inapanda vizuri. Wenye kuulizwa swali ni watu wazima. Sisi nasi tunayo mashindano ya Qur'ani kila Ramadhani, na tunatoa baiskeli, vyerehani, fedha taslimu na hata tiketi za Umra. Sijapata kuona mvulana mshindi akiambiwa zawadi yake itapelekwa kwingine kwa sababu ya kitu alichosema atanunua. Na kuwasaidia Wapalestina ni wajibu wetu. Lakini sadaka iliyotolewa kutoka mfuko wa mtoto bila ridhaa yake, ili kumwadhibu, je, ni sadaka?

Katika nyumba yao umetundikwa ukutani mti wa ukoo wa baba, wenye majina ya wanaume tu. Wadjda anaandika jina lake kwenye kikaratasi na kukibana pale kwa kibanio cha nywele. Siku nyingine anakuta kimeondolewa. Baba mwenyewe si mtu mkali, anampenda binti yake; ila anaoa mke wa pili kwa kuwa mama Wadjda hawezi tena kumzalia mtoto wa kiume. Usiku ule wa arusi mama anamnunulia binti yake baiskeli. Mwaka 2013, mwaka mmoja baada ya filamu kutoka, wanawake wa Saudi Arabia waliruhusiwa kupanda baiskeli katika bustani kwa masharti. Mwaka 2018 majumba ya sinema yakafunguliwa, na mwezi wa Juni mwaka huo wanawake wakaruhusiwa kuendesha magari. Makkah na Madina ziko palepale.

Kabla ya hao wote alikuwapo Moufida Tlatli wa Tunisia, aliyefariki mwaka 2021. Filamu yake ya mwaka 1994, Samt al-Qusur, yaani Ukimya wa Majumba ya Kifalme, inasimulia habari za Khadija, mtumishi katika jumba la wakubwa katika miaka ya 1950, na binti yake Alia asiyejua baba yake ni nani. Nje ya jumba watu wanapigania uhuru kutoka kwa Wafaransa, uliopatikana mwaka 1956. Jikoni wanawake wanasikiliza habari hizo kwa redio, na hakuna anayewaambia kama uhuru huo utafika hadi jikoni. Khadija anakufa kwa kutoa mimba aliyotiwa kwa nguvu. Ni filamu nzito, nami siwapi vijana wadogo.

Sasa nije kwenye vita na ukimbizi, maana huko ndiko nilikokusudia kukaa zaidi.

Mwaka 2021 mwongozaji wa Jordan, Darin Sallam, alitoa filamu Farha. Ni mwaka 1948, katika kijiji cha Palestina. Farha ana miaka 14, baba yake ni mkuu wa kijiji, na wenzake wa rika wanaposwa. Yeye anataka shule ya mjini, kwa kuwa pale kijijini hakuna shule ya wasichana. Baba anasita, watu wanamshauri amwoze, na mwishowe baba anakubali. Anatia sahihi fomu ya shule. Furaha hiyo haimalizi siku. Mabomu yanaanza. Farha angeweza kuondoka kwa gari pamoja na familia ya rafiki yake, lakini anateremka na kumkimbilia baba yake. Naye anamfungia katika stoo ya chakula, anaahidi kwamba atarudi, anakwenda kukitetea kijiji.

Sehemu kubwa ya filamu hatutoki katika stoo ile. Tunaona kile tu anachokiona mtoto kupitia ufa wa mlango: familia ya wakimbizi inaingia uani, mama anajifungua pale pale, kisha askari wa Kiyahudi wanafika na kuwaua, na kichanga kinaachwa chini kikilia. Farha yuko hatua chache tu kutoka kwake wala hawezi kuufungua mlango. Anapofanikiwa kutoka, mtoto amekwisha kufa. Baba hakurudi.

Mwaka 2022 filamu hiyo ilipokaribia kuonyeshwa duniani kote kupitia Netflix, waziri wa fedha wa Israel wa wakati huo, Avigdor Lieberman, aliilaani na kutaka ukumbi mmoja wa Jaffa ulioionyesha unyimwe fedha za serikali. Hadithi ile ilitoka kwa mwanamke wa kweli aliyefika Syria akiwa mkimbizi na kumsimulia msichana mwenzake. Msichana huyo alikua, akamsimulia binti yake, na binti huyo ndiye Darin Sallam. Wapalestina zaidi ya laki saba waliondolewa makwao katika vita vile, na wengi hawakuwa na hati wala picha mkononi, ila kinywa cha mama. Historia yao kubwa imepita kwa wanawake, kutoka jikoni hadi jikoni, nasi wanaume tuliokuwa tunasema kwamba hayo ni maongezi ya wanawake tu tunapaswa kuliangalia jambo hilo upya.

Ya pili ni For Sama ya mwaka 2019, na hii si ya kuigiza. Waad al-Kateab alikuwa mwanafunzi wa uchumi katika Chuo Kikuu cha Aleppo, mji wa Halab, machafuko ya Syria yalipoanza mwaka 2011. Alianza kupiga picha kwa simu, akaendelea miaka mitano. Akaolewa na daktari, Hamza, katikati ya vita, na tarehe 1 Januari 2016 akamzaa Sama. Filamu nzima ni maneno anayomwambia mtoto huyo. Kuna mama mjamzito analetwa hospitali akiwa amejeruhiwa na bomu. Madaktari wanampasua, mtoto anatoka hana pumzi, wanamsugua, wanampigapiga mgongoni, dakika zinapita. Mnadhani amekwisha kufa. Kisha anafumbua macho na kulia. Nimewaona wanaume wenye ndevu nyeupe wakilia pale.

Lakini lililonisumbua zaidi ni jambo jingine. Kati ya mwaka 2016 Waad na Hamza walikwenda Uturuki pamoja na mtoto kumwona baba yake Hamza aliyekuwa mgonjwa. Walikuwa salama. Wakasikia kwamba mji wao unazingirwa. Wakarudi, tena wakarudi naye Sama, ambaye alikuwa na miezi michache. Wazee walisihi waachiwe angalau mtoto. Je, walitenda sawa? Mama mwenyewe anauliza swali hilo katika filamu wala hajitetei kwa maneno makubwa. Hospitali ilikuwa na madaktari wachache waliobaki, na watu walikuwa wakifa. Mimi ni mzazi, nami nisingemrudisha mtoto. Hata hivyo sithubutu kuwalaumu, kwani waliookolewa katika hospitali ile nao walikuwa watoto wa watu. Walitolewa mjini humo Desemba 2016 pamoja na wakazi wa mwisho, na Waad alikuwa na mimba ya pili.

Filamu ya mwisho nitakayoieleza inatuhusu sisi wa Afrika Mashariki moja kwa moja. Ni Kafarnaum ya Nadine Labaki, ya mwaka 2018, iliyopata Tuzo ya Majaji katika tamasha la Cannes. Zain ni mvulana wa mitaa ya fukara ya Beirut, hana hata cheti cha kuzaliwa. Dada yake Sahar, miaka 11, anapata hedhi ya kwanza. Zain ndiye anayemfulia nguo kwa siri, kwa sababu anajua wazazi wakigundua watamwoza kwa mwenye duka anayewapa nyumba. Wanagundua. Anaozwa, anapata mimba, anafariki. Zain anamchoma kisu yule mume, anafungwa, na akiwa gerezani anawashtaki wazazi wake kwa kosa la kumzaa.

Mahari katika Uislamu ni mali ya mwanamke mwenyewe. Mahari ya Sahar ililiwa na kodi ya nyumba na kuku wachache, na ridhaa yake haikuulizwa na yeyote. Tusiseme kwamba hayo ni ya Lebanon.

Zain alipotoroka nyumbani alipokewa na mwanamke wa Ethiopia, Rahil, mfanyakazi asiye na hati, anayemficha mwanawe mchanga chooni mahali anapofanya kazi. Mwigizaji wake, Yordanos Shiferaw, alikamatwa kweli kwa kukosa hati wakati filamu ikiendelea kupigwa. Huu ndio utaratibu wa kafala: ruhusa ya mfanyakazi kuishi nchini imefungwa kwa mwajiri wake, hivyo akimkimbia mwajiri, hata kama amepigwa au hakulipwa, anageuka mhalifu. Na sheria ya kazi ya Lebanon ya mwaka 1946 inawaacha nje watumishi wa nyumbani. Mwaka 2020 uchumi wa nchi ile ulipoanguka, waajiri waliwashusha watumishi wa Kiethiopia na mabegi yao mbele ya ubalozi mdogo wa nchi yao mjini Beirut na kuondoka; na baada ya mlipuko wa bandari mwezi Agosti, wanawake wa Kenya nao walilala nje ya ubalozi mdogo wao wakiomba kurudishwa nyumbani.

Mabinti wa Kenya, Uganda na Tanzania wanaendelea kwenda Ghuba kwa kazi hiyo, na wengine wanatoka katika nyumba za waumini. Wapo wanaopata waajiri wema, wakajenga nyumba za wazazi wao. Lakini wazee wangu, binti anapokuja kuomba dua ya safari, tumwulize mkataba uko wapi, nani atakaa na pasi yake, na namba ya ubalozi anayo? Dua aipate, na maswali hayo ayapate pia.

Ama swali la mzee wangu, jibu langu ni hili. Sukkar Banat na Samt al-Qusur sizipendekezi kwa mkusanyiko wowote. Uridu Hallan waitazame wenye kusuluhisha ndoa katika jamaa yetu. Wadjda itazameni pamoja na watoto. Farha na For Sama ni za watu wazima na vijana wakubwa, na asitazame mtu peke yake usiku. Kafarnaum waitazame wazazi kwanza. Akina mama wameomba waonyeshwe Farha katika ukumbi wa madrasa, nami naunga mkono. Kamati itaamua Jumamosi, na wanaopinga wafike waseme.